Kurejesha, Kuokoa, Kuhuisha: Juzuu za Diski Seva Inapoanguka

Fundi wa seva akisema "volyumu imepotea", huenda anasema jambo moja kati ya matatu. Huenda diski zenyewe zimekufa. Huenda diski ni nzima, ila maelezo yanayoonyesha volyumu inaanzia wapi na kuishia wapi yamefutika. Tena huenda kila kitu kipo salama, lakini seva iliyokuwa imeishika imezimika na hakuna nyingine iliyoichukua. Kiingereza hutumia neno moja, recovery, kwa tiba ya yote hayo, nasi tumelifuata kwa kuandika "urejeshaji" kila mahali. Hapo tunajinyima. Vitenzi vya kuzitenganisha kazi hizi tunavyo, na anayezichanganya anaweza kufuta kumbukumbu za hospitali nzima akidhani anazitibu.

Kwanza volyumu yenyewe. Wapo wanaopendekeza "ujazo", lakini ujazo ni kiasi, na volyumu ya diski si kiasi. Ni kitu chenye jina, mwanzo, mwisho na orodha ya yaliyomo. Inaweza kukatwa kutoka diski moja au kuungwa kutoka diski sita, na mtumiaji asione tofauti. Mimi naandika juzuu. Katika kompyuta kubwa za IBM za miaka ya 1960, kila diski ilibeba jedwali ambalo jina lake, neno kwa neno, ni yaliyomo ya juzuu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa neno hili: anajua juzuu 30 za Msahafu, kila moja na mwanzo wake, na kitabu kikabaki kimoja.

Klasta naiacha ilivyo. Ni seva kadhaa zinazotumia diski kwa pamoja, ili moja ikianguka nyingine iendelee na kazi. Mafundi wamekwisha kulizoea neno hilo, na kuiita "msafara wa seva" kungekuwa pambo tu. Lakini kitendo kinachofanyika ndani ya klasta, cha seva moja kuchukua kazi ya iliyoanguka, hakijapata jina lililotulia, na hapa njia ya zamani ya misafara ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji inatusaidia kweli. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, lakini mzigo ule ulikuwa wa msafara, si wake. Akiugua njiani, wenzake humpokea mzigo na safari ikaendelea. Kumpokea mtu mzigo bado tunakusema kila siku, stendi na nyumbani. Basi kitendo hicho kiitwe upokezi. Seva ya pili imeipokea juzuu ya seva ya kwanza: sentensi hiyo inaeleweka hata kwa mhasibu.

Upokezi una hatari moja kubwa. Waya kati ya seva mbili ukikatika, kila moja hudhani mwenzake amekufa, na zote mbili huanza kuandika kwenye juzuu ileile. Katika mfumo wa faili wa kawaida, usiotengenezwa kwa ajili ya waandishi wawili, dakika chache zatosha kuuvuruga. Kinga yake ni kura: seva hairuhusiwi kushika juzuu mpaka iwe upande wenye wengi. Kwa jambo hili Bunge letu limekwisha kutupa neno, akidi. Klasta ya seva 3 inahitaji kura 2, ya seva 5 inahitaji 3. Ya seva 2 haina wengi ikigawanyika, ndiyo maana huongezewa diski ndogo yenye kura yake. Hiyo nayo ina jina zuri tayari: diski shahidi.

Tofauti ya kurejesha na kuokoa inaonekana Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa uwazi ambao sijauona katika kitabu chochote cha mafunzo. Mmisionari David Livingstone alikuwa akiandika kwanza katika vijitabu vidogo, kisha akinakili katika shajara kubwa. Machi 1872, akiwa hapo Kwihara, alimkabidhi mwandishi wa habari Henry Morton Stanley shajara hiyo, imefungwa kwa lakiri, aipeleke Uingereza. Watafiti huiita Shajara ya Unyanyembe, kwa jina la eneo hilo. Alipofariki kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873, maandishi ya miaka 6 yalikuwa salama ng'ambo ya bahari. Hata kama masanduku yake yote yangepotea, hayo yangerejeshwa.

Lakini yaliyoandikwa baada ya Stanley kuondoka hayakuwa na nakala. Yalifika kwa sababu wafuasi wake, Abdullah Susi, James Chuma, Jacob Wainwright na wenzao, waliyabeba pamoja na maiti yake, wakapita Unyanyembe Oktoba 1873 na kufika Bagamoyo Februari 1874. Pengo hilo, kati ya nakala ya mwisho na ajali, ndilo fundi anapaswa kulijua kabla hajagusa kitu. Kurejesha ni kurudi hadi siku ya nakala, wala si zaidi ya hapo.

Kuokoa ni jambo jingine. Mwaka 1871, akiwa Nyangwe, katika Kongo ya leo, Livingstone aliishiwa karatasi akaandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mimea. Wino ukafifia, herufi za gazeti zikabaki. Mwaka 2011 watafiti wakiongozwa na Adrian Wisnicki walichapisha maandishi hayo baada ya kuzipiga kurasa picha kwa mwanga wa rangi mbalimbali, mpaka wino ukajitenga na gazeti. Nakala ya habari hizo ilikuwepo tayari katika Shajara ya Unyanyembe, ila haifanani kila mahali na kurasa za mwanzo, hata katika simulizi la mauaji ya watu sokoni Nyangwe aliyoyashuhudia tarehe 15 Julai 1871. Kuokoa, basi, ni kukitafuta kilichomo ndani ya chombo chenyewe kilichoharibika. Kazi yote hufanyika kwenye picha, asili ikiachwa kama ilivyo. Kwa diski ni vivyo hivyo: chukua taswira nzima ya diski kwanza, kisha uhangaike na taswira.

Kuhuisha ni kwa juzuu ambayo data yake ni nzima. Seva iliyosimama itengwe kwanza, ikatiwe umeme kabisa, isije ikazinduka na kuendelea kuandika. Akidi ithibitishwe. Kisha klasta itambue diski. Klasta za Windows hutazama saini ya diski, na diski mpya isiyo na saini ya ile ya zamani hukataliwa, hata kama data yake ni kamili. Linux, kwa mfumo wake wa LVM, huandika maelezo ya juzuu mwanzoni mwa diski na kuweka nakala za maelezo hayo kwenye seva; yakifutika huandikwa upya, na data haiguswi. Baada ya hapo juzuu hufunguliwa kwenye seva moja tu, na mfumo wa faili husoma shajara yake, maana nao unayo: kabla ya kubadilisha kitu huandika unachokusudia kufanya, na baada ya ajali hukamilisha yaliyoandikwa kikamilifu na kuyaacha yaliyokatika katikati. Mfumo wa ext3, wenye utaratibu huo, uliingizwa katika Linux mwaka 2001, na ukaguzi wa saa nzima ukawa wa sekunde. Programu ya kukarabati, inayoandika juu ya juzuu, isiendeshwe hata siku moja wakati seva nyingine bado imeifungua.

Daftari la zamu ndipo maneno haya yanapofanya kazi. Fundi akiandika "nimehuisha juzuu ya maabara", anayempokea asubuhi anajua kilichokwisha kuhifadhiwa kimebaki. Akiandika "nimerejesha", maabara iombwe kuingiza tena majibu yote ya tangu nakala ya jana usiku. Akiandika "naokoa", mtu yeyote asiiguse diski ile hadi taswira yake ikamilike.