Riwaya Inayopendwa na Riwaya Iliyo Bora: Funzo kutoka kwa Waandishi wa Ukerewe

Utangulizi

Katika uhakiki wa riwaya ya Kiswahili, istilahi mbili zimezoeleka kiasi cha kutumika bila kuhojiwa: riwaya-pendwa na riwaya-dhati. Ya kwanza huhusishwa na upelelezi, ujasusi, mapenzi na mauaji. Ya pili huhusishwa na falsafa, historia na matatizo ya jamii. Kwa nje, mgawanyo huu ni wa mada na mbinu. Kwa ndani, ni mgawanyo wa thamani: hudokeza kwamba kinachoburudisha ni chepesi, na kwamba kilicho chepesi hakistahili kufundishwa wala kuhakikiwa.

Makala hii inauchunguza mgawanyo huo kwa kutazama eneo moja dogo, yaani kisiwa cha Ukerewe katika Ziwa Viktoria, pamoja na mji wa Mwanza unaokikabili ng'ambo ya maji. Kisiwa hicho kimetoa waandishi watatu wenye nafasi ya pekee katika riwaya ya Tanzania: Aniceti Kitereza (1896–1981), Gabriel Ruhumbika, aliyezaliwa mwaka 1938, na Euphrase Kezilahabi (1944–2020). Hoja yetu ni kwamba historia ya vitabu vyao haiungi mkono dhana ya kuwa upendwaji na ubora ni nchi mbili zenye mpaka wa kudumu. Mpaka huo ulichorwa na taasisi, hasa shule, na ulihamishwa zaidi ya mara moja.

Mchapishaji mmoja, vitabu vya aina mbili

Tukitaka kujua mpaka huo ulianzia wapi, hatuwezi kuanza na wachapishaji. Shirika la East African Literature Bureau, lililoundwa mwaka 1948, ndilo lililotoa Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, hadithi ya upelelezi iliyokuwa imeshinda shindano la uandishi. Ndilo lililotoa Simu ya Kifo (1965) ya Faraji Katalambulla na Kufa na Kupona (1974) ya Elvis Musiba. Na ndilo lililotoa Rosa Mistika (1971) na Dunia Uwanja wa Fujo (1975) za Kezilahabi. Vitabu ambavyo leo wahakiki huvitenga katika sura mbili za historia ya fasihi vilitoka mlango mmoja.

Utengano ulikuja baadaye, na ulikuwa na sababu zake za kihistoria. Baada ya Azimio la Arusha na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, vyote vya mwaka 1967, fasihi ilitarajiwa kushiriki katika ujenzi wa taifa. Kitabu kiliulizwa kinafunza nini kabla ya kuulizwa kimeandikwaje. Katika mazingira hayo burudani ilitiliwa shaka. Shaka hiyo ilikua zaidi pale waandishi walipoanza kujichapishia wenyewe vitabu vyao. Musiba alianzisha Continental Publishers, na Ben Mtobwa akaanzisha Heko Publishers. Vitabu hivi vilimfikia msomaji moja kwa moja, bila kupitia kamati ya mitaala, na mtu aliyenunua kwa fedha yake hakuhitaji kuelezwa na mwalimu kwa nini asome.

Safari ya Rosa Mistika

Rosa Mistika inaanzia Namagondo, kijiji cha Ukerewe ambako mwandishi mwenyewe alizaliwa. Rosa ni binti wa Zakaria, baba mlevi na mkali, anayempiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Akivuka maji kwenda kusoma Mwanza, hana silaha yoyote ya kukabiliana na uhuru, kwa kuwa nyumbani alifundishwa woga tu. Kuanzia hapo riwaya inamfuata katika mapenzi, utoaji mimba, aibu na hatimaye kujiua.

Kwa vigezo vya kawaida vya riwaya-pendwa, hakuna kinachokosekana hapa: mapenzi, siri, vifo na lugha nyepesi inayomsukuma msomaji mbele. Ndivyo kitabu kilivyopokelewa pia. Kilishutumiwa kwa kukiuka maadili na kwa muda kilizuiwa shuleni, huku wanafunzi wakikitafuta na kukisoma kwa siri. Miaka ikapita, na kitabu kilekile kikaingizwa katika orodha ya vitabu teule vya sekondari. Vizazi vilivyofuata vilikisoma kwa ajili ya mtihani, vikijibu maswali kuhusu dhamira na malezi.

Je, ni nini kilichobadilika? Si sentensi za kitabu. Kilichobadilika ni taasisi iliyokishika. Kilipokuwa chini ya mto wa mwanafunzi kiliitwa kichafu. Kilipokuwa mezani kwa mwalimu kiliitwa cha uhalisia. Mhakiki anayeamini kwamba "pendwa" ni sifa ya matini hana budi kutueleza ni siku gani Rosa Mistika iliacha kuwa pendwa.

Ulinganisho na Kufa na Kupona unalikaza swali hili. Shujaa wa Musiba, Willy Gamba, ni jasusi anayetetea harakati za ukombozi wa kusini mwa Afrika, jambo lililokuwa kiini cha sera ya Tanzania. Kwa maudhui, ni riwaya ya kizalendo kupita kiasi. Rosa Mistika, kwa upande wake, inawashtaki wazazi, walimu na wakubwa. Hata hivyo, ile ya kwanza ndiyo iliyobaki nje ya darasa kama kiburudisho, na ya pili ndiyo iliyoingia. Kwa hiyo, si uzito wa mada peke yake unaoamua.

Kitereza na Kezilahabi wa baadaye

Mifano mingine miwili ya Ukerewe inaonyesha upande wa pili wa suala hili, yaani kitabu kinachotambuliwa kuwa bora lakini kikakosa umma. Kitereza alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Hakupata wa kuichapisha kwa lugha hiyo, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ilipigwa chapa na Tanzania Publishing House mwaka 1980, na mwandishi alifariki mwaka uliofuata kabla nakala hazijamfikia. Ruhumbika aliitafsiri kwa Kiingereza kutoka Kikerewe, na tafsiri yake ikatoka mwaka 2002.

Kitabu hiki husifiwa kama hazina ya mila. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini imekifanya kionekane kama kumbukumbu ya makumbusho. Anayekisoma bila haraka atakuta kitu kingine: mume anayemfuata mkewe ukweni kumrejesha, mashemeji wakaidi, pombe ya ndizi inayodaiwa kama fidia, mazungumzo marefu ya wageni na wenyeji. Hizi ni raha za msimulizi anayejua kuwakalisha watu. Uhakiki ulipokitukuza kwa elimu yake, ulisahau kutaja kwamba kinachekesha.

Kezilahabi mwenyewe alikwenda njia ya kinyume. Nagona (1990) na Mzingile (1991) ni riwaya fupi zilizoachana na msuko wa moja kwa moja, na zimewavutia sana wataalamu wa vyuo vikuu. Msomaji wa kawaida aliyempenda kwa Rosa Mistika aliziona ngumu. Basi hata ndani ya mwandishi mmoja, aliyetoka kijiji kimoja, upendwaji na uzito vilikutana katika kitabu cha kwanza na kuachana katika vya mwisho.

Je, kila kinachopendwa ni kizuri?

Hoja hii isieleweke kuwa ubora ni jina tu linalotolewa na wenye mamlaka. Ziko riwaya nyingi za kuburudisha zilizo mbovu: wanawake wake ni mapambo, maadui wake wanajulikana kabla hawajatenda neno, na shujaa wake hawezi kushindwa. Lakini udhaifu huo hautokani na kuburudisha. Unatokana na kumrudishia msomaji kile alichokuja nacho.

Tunapendekeza kwamba swali la mhakiki liwe hili: kitabu kinaitumiaje hamu kinayoiamsha? Rosa Mistika humvuta msomaji anayetaka kuchungulia dhambi, kisha humuuliza ni nani aliyeilea. Mzimu wa Watu wa Kale humvuta kwa hofu ya mizimu, kisha humtaka afuate ushahidi na akili pamoja na Bwana Msa. Moja imeitwa dhati, nyingine pendwa. Kwa kigezo hiki zote mbili zimefaulu. Kigezo hiki pia kinaruhusu riwaya-dhati kushindwa, kwa maana uzito wa dhamira si kinga dhidi ya uchovu wa msomaji.

Hitimisho

Historia ya waandishi wa Ukerewe inatufunza mambo mawili. Kwanza, istilahi "pendwa" inaeleza namna kitabu kilivyosambaa na kupokelewa. Haielezi kilivyoandikwa, wala haipaswi kutumika kama hukumu. Pili, gharama ya kuchanganya mambo haya hulipwa na utafiti. Vitabu vilivyodharauliwa havikuhifadhiwa kwa uangalifu, na vingi viliisha mikononi mwa watu kwa kuazimana. Rosa Mistika iliokolewa na mtaala. Vingine vya wakati wake havikupata bahati hiyo, na hatuwezi kusema vilikuwa duni ilhali hatujavisoma. Kazi ya kuvitafuta, katika masanduku ya familia na maduka ya vitabu vilivyotumika, ni sehemu ya uhakiki wenyewe, na inafaa ianze kabla karatasi hazijaoza.