Kuvu ya nyumba

'''Kuvu ya nyumba''' ni kuvu inayoota ndani ya majengo, hasa kwenye kuta, dari na mbao zenye unyevu. Huonekana kama madoa meusi, ya kijani au meupe, na mara nyingi hutoa harufu ya uvundo. Huenea kwa spora zinazopeperushwa na hewa.

== Afya ==
Kadiri ya mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009, wakazi wa majengo yenye unyevu au kuvu wana hatari kubwa zaidi ya kupata pumu na maambukizi ya njia ya hewa.

== Kununua nyumba yenye kuvu ==
Kwa mnunuzi, muhimu kuliko doa lenyewe ni chanzo cha maji: kuvu ikisafishwa huku unyevu ukibaki, hurudi. Bomba au bati linalovuja kwa kawaida hutengenezwa kwa urahisi. Maji yanayopanda kutoka ardhini kupitia msingi, au mbao za paa zilizooza, huhitaji matengenezo makubwa, na gharama yake hufaa kukadiriwa na fundi kabla ya kukubaliana bei.

Rangi mpya inaweza kuficha madoa, hivyo ni afadhali kukagua nyumba baada ya mvua.

Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, inayoruhusu unyevu kutoka. Lipu ya saruji huuzuia ndani.