Siku 39 za Shaba na siku za Katanika

Mwaka 2001 Wamarekani 16 waliletwa Shaba ili waishi porini mbele ya kamera. Si Shaba yetu, jina la Katanga toka 1971 hadi 1997, bali hifadhi ya wanyama kaskazini mwa Kenya. Mchezo huo wa televisheni unaitwa Survivor. Baada ya siku 39, Ethan Zohn alishinda dola milioni 1.

Wakati wa mchezo alicheza na watoto wa Wamba. Mwaka 2002, yeye na wenzake walianzisha Grassroot Soccer, shirika linalofundisha vijana kujikinga na UKIMWI kwa njia ya mpira.

Familia zilizokimbia vita vya Batwa na Baluba, hasa 2016 na 2017, zilifika Katanika bila kamera na bila kujua siku ya mwisho. Mama aliyejenga kibanda cha majani na kugawia watoto unga kidogo hakungojewa na zawadi. Ujuzi wake ni historia ya Kalemie. Vijana, muulizeni leo, mwandike.