Kupiga picha: Nani amepiga, nani amepigwa?

MSEMO 'kupiga picha' ni miongoni mwa ile inayotumika kila siku katika Kiswahili, lakini maana yake hubadilika kulingana na muktadha, jambo linaloweza kuzua utata pale haki ya mtu inapohusika.

Kitenzi 'piga', mbali ya maana ya kuchapa, huungana na nomino inayokifuata kuunda maana mpya, kama ilivyo katika kupiga simu, kupiga pasi, kupiga kura na kupiga hodi. 'Picha' imetokana na Kiingereza. Zamani neno 'sanamu', lenye asili ya Kiarabu, lilitumika pia kwa maana ya picha, ingawa leo hutajwa zaidi kwa umbo la kuchongwa au kufinyangwa. Nchini Kongo wengi husema 'foto', kutokana na Kifaransa.

Kwa mujibu wa sarufi, anayepiga picha ni mwenye kamera, naye huitwa mpiga picha. Aliye mbele ya kamera hupigwa picha, na anayejielekezea simu yake mwenyewe hujipiga picha. Hata hivyo, katika mazungumzo, 'Asha amepiga picha na bibi harusi' humaanisha kuwa wawili hao walisimama pamoja mbele ya kamera, na aliyeishika ni mtu mwingine.

Utata huzidi katika 'picha ya Asha', ambayo yaweza kuwa inayomwonyesha Asha, iliyopigwa na Asha au inayomilikiwa naye. Ndiyo maana magazeti huandika 'Picha na' kabla ya jina la mpiga picha.

Tofauti hiyo haiishii kwenye lugha. Nchini Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazihesabu picha kuwa kazi zenye ulinzi, na kwa kawaida haki huanzia kwa aliyezipiga. Kwa upande wa aliyepigwa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zinazomtambulisha mtu. Kenya nayo ilipitisha sheria ya kulinda data mwaka 2019.

Hivyo basi, katika mkataba, malalamiko au ushahidi, ni salama zaidi kuandika 'picha iliyopigwa na Asha' au 'picha inayomwonyesha Asha', kuliko kumwachia msomaji kazi ya kukisia.