Windows na Linux ndani ya ordinatere moja: mambo ya kujua mbele ya kuanza

Hapa Kongolo, ordinatere moja inatumikia watu wengi. Mwenye kibanda cha kuandika na fotokopi anaandikia humo barua na maulizo ya mitihani. Mwanafunzi wa masomo ya juu anaiazima usiku ili amalize kazi yake ya mwisho wa masomo. Na jamaa imeweka humo picha za ndoa na za wazee waliokufa. Siku mashini hiyo ikiharibika, wote wanapoteza. Basi mtu akikuambia kwamba anaweza kukuwekea mifumo miwili ndani yake, uelewe kwanza kazi hiyo ni nini.

Mfumo ni nini?

Mfumo ni ile programu kubwa inayoamka ya kwanza unapowasha ordinatere. Njo inaongoza kioo, klavie, diske na programu zingine zote. Wengi wetu tunajua Windows, ya kampuni Microsoft. Linux ni mfumo mwingine. Ulianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi kule Helsinki, Finlandi. Unapatikana bure, na sheria inakuruhusu kuukopi na kumpa jirani.

Linux ina sura nyingi: Debian, Linux Mint, Ubuntu na zingine. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo Muluba hawezi kulishangaa: kwa Kiluba ni bumuntu, ni kusema utu.

Juu ya nini watu wanauliza sasa?

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft iliacha kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mashini haizimiki, lakini matundu mapya ambamo wezi na virusi wanapitia hayazibwi tena, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kwa muda wa nyongeza. Na Windows 11 inachagua sana: inaomba kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na inakataa prosesa nyingi za zamani. Ordinatere nyingi zinazouzwa kwetu zimekwisha kutumiwa na watu wengine mbele, kwa hiyo nyingi zinabaki mlangoni.

Linux Mint inaweza kutembea na memwari ya giga 2, ijapokuwa 4 ni vizuri zaidi, na nafasi ya giga 20 kwenye diske.

Mifumo miwili inakaa namna gani?

Diske inagawanywa kama kiwanja: upande mmoja wa Windows, upande mwingine wa Linux. Ukiwasha mashini, orodha fupi inaonekana na kuuliza unataka kuingia wapi. Fikiria treni inayotoka kusini na kufika Kabalo. Hapo reli inagawanyika: moja inakuja kwetu Kongolo na kuendelea Kindu, ingine inaenda Kalemie. Treni haifuate zote mbili kwa safari moja. Vilevile mifumo hii haitembei pamoja. Ukitaka kubadilisha, unazima na kuwasha tena.

Kuna faida ya kubakiza Windows. Programu fulani za hesabu, ao za imprimante fulani, zinatembea kwa Windows tu. Linux inakuja mara nyingi na LibreOffice, inayofungua dokima za Word, lakini meza na kurasa zinaweza kusogea. Mwanafunzi aangalie kazi yake vizuri mbele ya kuitoa kwa karatasi. Kwa upande mwingine, virusi vya Windows vinavyozunguka kwa kle USB kwa kawaida havitembei ndani ya Linux.

Hatari iko wapi?

Hatari kubwa ni wakati wa kugawanya diske. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, kila kitu kinaweza kupotea. Tena kuna chaguo moja, "Effacer le disque", linalofuta diske nzima. Kubonyeza hapo bila kusoma, njo mwisho wa picha za jamaa. Kwa hiyo fuata mpango huu:

1. Kopi dokima na picha zote kwenye diske ya nje, kisha fungua kadhaa uone kama kopi ni nzima.

2. Pima Linux mbele. Ukiiweka kwenye kle USB, inaweza kutembea humo bila kugusa diske. Angalia kama wifi, sauti na klavie vinaitika. Chagua klavie ya Kifaransa, la sivyo A na Q zitabadilishana nafasi.

3. Kama diske imefungwa na BitLocker, andika mbele ule ufunguo mrefu wa kuifungulia. Bila ufunguo huo, Windows inaweza kukataa kukufungulia.

4. Ndani ya Windows, zima "démarrage rapide". Ikibaki, Windows haizimi kabisa, na Linux inaweza kukatazwa kuandika kwenye upande wake.

5. Jaza batri, na usitegemee jenereta yenye mafuta kidogo. Mashini ya mezani isiyo na batri iunganishwe na betri za sola zilizojaa.

6. Windows iwe ya kwanza kuingia, Linux ifuate. Ukigeuza, Windows inaweza kuficha ile orodha ya kuchagua. Kisha chagua kuweka Linux kando ya Windows.

Usishangae saa ikipotea

Saa yetu huku mashariki inatangulia saa ya dunia kwa saa 2. Linux inaandika ndani ya mashini saa ya dunia, lakini Windows inadhani ni saa ya hapa. Basi ikiwa ni 10:00, Windows inaweza kukuonyesha 8:00. Mashini haikuharibika. Ndani ya Linux, andika amri hii: timedatectl set-local-rtc 1.

Si lazima kwa kila mtu

Kama unataka kujifunza tu, kle USB inatosha. Na mwenye mashini yenye nguvu, ya memwari ya giga 8 ao zaidi, anaweza kutumia VirtualBox, inayofungua Linux kama dirisha ndani ya Windows bila kugawanya diske.

Kushusha Linux Mint kunakula karibu giga 3 za intaneti, na mega ni feza. Afazali mmoja ashushe na wengine wakopi kwake. Lakini fundi akikuambia kwamba kopi ya dokima si lazima, chukua mashini yako urudi nyumbani.