Jiwe Halina Cheti cha Kuzaliwa

Ndugu msomaji, akija mtu na shoka la jiwe akakwambia lina miaka 200,000, utajuaje kama halikuchongwa juzi? Mimi niliyeishia kidato cha nne ni mtunzi chipukizi wa hadithi, na kazi ya mtunzi ni kusema uongo unaofanana na kweli. Ndiyo maana waongo wa mawe wananivutia.

Uingereza, karne ya 19, alikuwako bwana mmoja, Edward Simpson, waliyempachika jina la Flint Jack. Alikuwa akigonga mawe ya gumegume kwa chuma, anatoa vichwa vya mishale, kisha anawauzia wapenda mambo ya kale. Mwaka 1862 aliwaonyesha wanajiolojia mjini London, waziwazi, jinsi anavyotengeneza. Mwaka 1867 akafungwa kwa wizi.

Sasa, kazi ya mtu kama huyo hutambuliwaje? Kwanza, tazama ngozi ya jiwe. Lililolala ardhini maelfu ya miaka mara nyingi huota utando, rangi ya nje ikaachana na ya ndani. Lililochongwa jana huonekana jipya kila lilipobanduliwa. Pili, tafuta alama za chuma. Watu wa Zama za Mawe hawakuwa na chuma, kwa hiyo chuma kikionekana palipopigwa, shtuka.

Lakini jamani, hata jiwe la kweli laweza kutoa ushahidi wa uongo! Huko Japani, Fujimura Shinichi alisifiwa kwa miaka mingi kwa kuvumbua zana za kale kuliko zote nchini mwao, hata wakamwita mwenye mikono ya Mungu. Novemba 2000 gazeti la Mainichi likatoa picha zake akifukia mawe pale Kamitakamori. Mawe yenyewe yalikuwa ya kale, ila si ya kale kiasi hicho, na hayakutoka pale. Yalipochunguzwa upya, mengi yalikutwa na michirizi ya kutu ya zana za kilimo. Kumbe yaliwahi kukaa juu juu shambani! Vitabu vya shule vikabidi kurekebishwa. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilichukua miaka.

Hapo ndipo ninapotaka tufike. Nusu ya ukweli wa jiwe imo ndani ya jiwe, nusu nyingine imo kwenye udongo lilimolala. Pale Isimila, karibu na Iringa, mashoka ya mawe yapo chini, unayaona kwa macho. Ukitia moja mfukoni, hukuiba jiwe tu. Umeiba na ushahidi wake, na ukifika nalo mjini halitakuwa na la kujitetea mbele ya yale ya Flint Jack.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda, lakini sheria haina macho kila korongo. Macho ni yetu. Ukilikuta, liache hapo hapo, ukawaite wanaojua kulisoma.