Bei ya Kasiksi na Anguko la Feza

Zamani wazee wetu wa Kivu walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, penye arusi na mapatano. Waliosaidia kulima walipewa bure. Siku hizi katika Goma hununuliwa, na watu hulalamika: "Bei imepanda!" Lakini tazameni vema. Mwaka 1967 franka 1.000 ziligeuzwa zaire 1. Mwaka 1993 zaire 3.000.000 zikawa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Ndizi ni zile zile, jasho la kukamua ni lile lile; feza ndiyo iliyoanguka. Aliyeficha akiba sandukuni alikuta karatasi tupu. Basi, baba wa nyumba, usipime kasiksi kwa franka. Ipime kwa unga wa watoto wako.